Mpira wa Karibu na Wavu

Katoro, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Kashinje,

Umetoka na baba yako kwenda kuwaaga wanakwaya, na mimi nimebaki kwa kisingizio cha kichwa. Kichwa hakiniumi. Nimekaa kwenye meza ya kusukumia chapati, nimeifuta unga, nimechukua daftari lako la kidato cha pili lililobaki kurasa nyuma. Najua nina muda mpaka kwaya imalize kuimba, na wanakwaya wale wakianza hawajui kumaliza.

Sitakuandikia habari za dawa, wala za kujigeuza kitandani, wala za mto wa kukalia. Hayo unayajua kunishinda, na nikiyaandika utanuna kama kawaida yako. Wala sitakuonya habari za jiji, maana jiji lenyewe silijui. Nina jambo moja tu. Nimelibeba siku tatu, na kila nikifungua mdomo linatoka jingine. Juzi nilikuita, ukaja, nikakuuliza kama umekula. Jana nikakuita tena, nikakuuliza tena kama umekula. Ukasema, mama, safari hii utanipasua tumbo.

Nilikuambia siendi na wewe kwenye kambi ya timu ya taifa kwa sababu nafasi ya msaidizi haikupatikana. Nilikudanganya. Nafasi ilikuwepo. Mwalimu Joram ndiye aliyesema nibaki, na alisema hivyo kwa kosa langu mimi, wewe humo huhusiki. Nimemkasirikia mwalimu yule hata alipokuja hapa sikumkaribisha chai, mtu aliyekula chapati zangu miaka mitano. Nikimaliza kumkasirikia yeye najikasirikia mwenyewe, kisha narudi kwake. Ndiyo kazi niliyofanya siku zote hizi.

Niache nianze mbali. Nikianza karibu nitaliruka.

Ile siku ya mshikaki hatujawahi kuizungumza mimi na wewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumempelekea baba yako unga na nguo safi kule duarani, kwenye shimo lao la dhahabu Rwamgasa, jua likatuchelewea, bodaboda ikaja moja. Ukasema, mama, tusubiri nyingine, tusipande watatu. Nikakuambia panda, nimeacha maharage jikoni, maharage hayasubiri mtu. Watu wote wanajua kwamba tulipanda mshikaki. Wasichojua ni kwamba nyuma palikuwa pangu. Mimi naogopa kukaa nyuma, tangu zamani, basi nikajibana katikati nikakuacha wewe ukae pale ninapopaogopa. Pikipiki ilipoteleza kwenye changarawe, pale kwenye karavati, mimi nilimwangukia dereva na wewe uliangukia zege. Mimi nilichubuka kiwiko.

Maharage yaliungua, kwa taarifa yako. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharage yanayoungua natoka nje.

Tulirudi kutoka hospitali Mwanza na ile habari kwamba mgongo hautarudi ulivyokuwa, na pole zikaanza. Sina ugomvi na neno pole, ni neno zuri, lakini mtu akikupa pole Jumatatu, Jumanne akakupa tena, Jumatano akaja kununua chapati mbili na pole juu, inafika mahali unataka kumwambia chukua chapati zako uondoke. Na wengine walikuwa na yao zaidi. Unajua bibi yako wa Didia alikuita Kashinje kwa sababu ulizaliwa kwa kutanguliza miguu. Basi kuna mama mmoja hapa sokoni alisema, eti miguu iliyotangulia kuja ndiyo iliyotangulia kuondoka. Akacheka, akidhani ametoa maneno ya hekima. Huyo sikumuuzia chochote tena, na hata leo akipita namtazama mpaka apotee.

Mwaka mzima nilikuweka ndani. Nilikuogesha ukiwa na mikono yako miwili mizima. Nilikukatia nyama. Ukitaka maji ya kunywa nilikuwa nimeshayaleta kabla hujasema, na uliponiambia naweza mwenyewe, nilisikia kama unanitukana. Sasa naona nilikuwa nalipia ile nafasi ya nyuma. Wewe ulikuwa hujui nalipa nini, ulichoona ni mama asiyetoka mlangoni.

Mwalimu Joram alikukuta ile siku umekaa nyuma ya kibanda unanisaidia vyombo. Mimi nilikuwa karaini nasuuza zile sahani za plastiki, nakurushia, wewe unadaka unafuta. Alikuwa anakula. Akaacha kula. Akasema, Mama Kashinje, rusha nyingine, rusha kwa nguvu. Nikarusha, ukadaka. Rusha pembeni. Ukadaka. Wiki hiyohiyo akakupeleka ukumbi wa parokia kwenye ile meza yao ya tenisi, na mimi nikafunga kibanda nikawafuata, maana ningekuachaje.

Kile kiti mwendo cha msaada kilikuwa kipana, vishikio vyake vya mkono viligonga meza kila ukisogea. Baba yako aliporudi kutoka machimboni alichukua msumeno wa chuma akavikata vyote viwili, akasugua kwa tupa mpaka visikukwaruze. Ulicheka. Lilikuwa cheko la kwanza tangu karavati, na mimi nililionea wivu kwa sababu si mimi niliyelileta.

Sasa sikiliza, ndipo lilipo jambo lenyewe.

Mipira mirefu uliimudu mapema kuliko walivyotegemea. Uliokushinda ni ule wa karibu na wavu, unaodunda mara moja na kufia palepale. Mwenye miguu anapiga hatua moja anaufikia. Wewe tumbo na kiuno havikushiki, ukiinama mbele unaporomoka. Jumamosi moja ulijinyoosha kuufuata, ukaanguka kifudifudi juu ya meza, mdomo wa juu ukapasuka. Ulijifuta damu kwa fulana ukasema turudie. Mimi ndiye niliyeshindwa kurudia. Nilitoka nje ya ukumbi nikatapika.

Kesho yake nikaanza kupita kwa wachezaji wote wa ukumbi ule, mmoja mmoja, kazini kwao na majumbani kwao. Mkono mtupu haulambwi, basi nikaenda na chapati, na wali, na siku moja kuku mzima. Nikawaambia maneno yaleyale: chezeni na mwanangu, mpigeni mtakavyo, ila naomba msimpelekee mipira ya karibu na wavu, hafiki. Hakuna aliyekataa. Unawajua watu wetu, nani atamkatalia mama mwenye hotipoti mkononi? Nikawaomba pia mwalimu asijue. Mazoezini mbele yake walirusha mmoja mmoja wa kuzuga, ikatua katikati ya meza.

Wiki ya pili ukarudi nyumbani unang'aa. Ukasema, mama, naona ile mifupi inapungua, wameona haina faida kwangu. Nikasema, hata mimi naona. Nilikutazama machoni nikasema naona, kisha nikaenda kukuna nazi.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Ulipiga Katoro nzima, ukaenda ukapiga Geita. Huko kote nilikutangulia au nilikufuata na hotipoti langu. Wakaniita mama shujaa. Kanisani nilisimamishwa mbele kina mama wajifunze kwangu. Nikasimama.

Na ndipo tukafika Shinyanga, kwenye ubingwa wa kanda.

Rehema unamjua uwanjani tu. Mimi nilimjua nje. Ni fundi cherehani wa Kahama, polio ilimshika akiwa mdogo, hajawahi kutembea, na ana mikono inayoweza kumnyanyua na kiti chake. Nilimtazama asubuhi ile akimmaliza mpinzani wake kwenye nusu fainali, mpira baada ya mpira karibu na wavu, tap, tap, kama mtu anayemwaga mbegu. Yule mpinzani alikuwa analia kabla seti ya pili haijaisha. Nikajua fainali ni wewe na yeye.

Mchana nilimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye bomba, ananawa ale. Alikuwa peke yake. Nilikuwa nimeandaa maneno na nimebeba chakula, lakini nilipomtazama usoni nikaona huyu si wa kununuliwa kwa ndizi na nyama. Basi nikapiga magoti. Unajua goti kwetu lina maana gani. Mimi ndiye wa kupigiwa na mtoto yule, umri wake ni kama wako. Mtu mzima akimpigia goti mtoto anamfunga kamba, hawezi kwenda kokote. Nilijua hivyo, na ndiyo maana nilifanya.

Akasema, "Mama, simama, watu wanaona."

"Sisimami mpaka unisikie," nikamwambia. "Usimpelekee mipira ya karibu na wavu. Mshinde kwa mengine yote."

Aliacha maji ya bomba yamwagike bure. Kisha akasema, "Nimesikia. Simama." Alisema kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. Nikasimama nikajikung'uta sketi, na nilijisikia mwepesi, ndiyo sikufichi, nilijisikia mwepesi kabisa.

Ulishinda seti tatu kwa mbili. Vigelegele vya kwanza vilikuwa vyangu. Rehema alikupa mkono, kisha akanitazama mimi juu ya kichwa chako, na mimi nikajifanya natafuta kanga yangu. Ndani ya basi uliniambia neno ambalo halijanitoka mpaka leo. Ulisema, "Mama, Rehema hana mipira mifupi. Tukikutana tena nitakaa nyuma kabisa nimsubiri." Uliniomba kalamu ukaandika kabisa kwenye kile kijitabu chako cha mbinu. Nilikupa kalamu mimi mwenyewe.

Na sasa mmeitwa kambini wote wawili, wa kwanza na wa pili, na mmoja tu ndiye atakayechukuliwa kwenye timu ya taifa. Kesho unapanda basi ukiamini kwamba unamjua mwenzako. Utakaa nyuma kabisa umsubiri. Yeye atakupelekea mpira karibu na wavu, mmoja, wa pili, wa tatu, mbele ya makocha wale, na utabaki unaangalia.

Rehema ndiye aliyemwambia Mwalimu Joram, alipopigiwa simu ya kambi. Alisema hawezi kulala chumba kimoja na wewe akiwa amebeba siri ya mama yako. Mwalimu akaja kuniuliza. Nilikana kwanza. Kisha nikakubali, kisha nikawa mkali, nikamwambia yeye hana mtoto aliyeanguka kwenye zege, asinifundishe uzazi. Aliniacha nimalize. Akasema, "Mama Kashinje, kule hakuna wa kupigiwa goti." Halafu akaniambia nikuambie mwenyewe kabla hujapanda basi, la sivyo atakuambia yeye njiani na itakuuma mara mbili.

Nilimweleza baba yako usiku uleule. Nilitegemea anifokee, nami nimfokee, tuishe. Hakufoka. Aliuliza tu kama hotipoti lile jekundu ndilo lililokuwa linazunguka Katoro nzima, maana siku zote alijiuliza linakwenda wapi. Baadaye, nikidhani amelala, akasema, "Matimba ukiyajaza duara zima, mchimbaji hapati pa kupita." Huyo ndiye baba yako, anasema neno moja kwa mwezi, na hilo moja linakupiga palepale. Zile nguzo za miti zinazuia kifusi, kweli. Lakini nani alichimba duara kwa ajili ya matimba?

Mwanangu, nisingependa ufikiri kwamba nimeshajuta nikapona. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Kama kesho ningekaa ukumbini kule nikuone umepasuka mdomo mbele ya watu, nafikiri ningemtafuta Rehema tena kwenye bomba jingine. Mwalimu ameliona hilo ndiyo maana ameninyima safari, na amefanya sawa, ingawa chai yangu hataiona mpaka hasira iishe. Nilidhani makosa ni kitu mtu anakifanya mara moja, kama kupanda mshikaki. Kumbe hili la pili nimelifanya kila Jumamosi, nimevaa nguo safi, nimebeba chakula.

Ukifika kambini mtafute Rehema siku ya kwanza. Hajakukosea. Alikuwa na haki ya kuniumbua mbele ya watu akaniinua kutoka chini. Mwombe akupigie mifupi, mifupi tu, mpaka mkono ukatae. Utaanguka juu ya meza, na mdomo utapasuka pengine. Sijui kama utaweza kuifikia. Nasema kweli, sijui, kwa sababu nilihakikisha hakuna mtu atakayejua, hata wewe.

Isipokuwa mara moja, na maana yake nayo nilikuficha.

Seti ya tano pale Shinyanga, mlipokuwa mmelingana, Rehema alisahau ahadi. Au alichoka nayo, sijamuuliza. Alikuletea mpira mfupi kabisa, ule ambao kwenye basi ulisema ulimponyoka tu, ukadunda karibu na wavu upande wa kulia. Na wewe ulishika gurudumu kwa mkono wa kushoto, ukajitupa mbele mwili mzima mpaka nikaona umeanguka, na raketi ikaufikia kwa ncha. Mpira ukagusa wavu, ukavuka, ukadondokea upande wake. Ukumbi mzima ukasimama. Kina mama wa Kahama wenyewe, upande wa mpinzani, walipiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nimemkasirikia Rehema kwa kuvunja ahadi, namtafuta macho nimwoneshe hasira yangu, na ule mpira niliuona nusu. Mpira bora kuliko yote uliyowahi kupiga, na mama yako hakuuona vizuri. Ushindi ule wa Shinyanga siwezi kukuambia ulikuwa wako kiasi gani, niliuharibu mwenyewe usipimike. Ila pointi ile moja hakuna niliyemwomba.

Nilikusudia kuikunja barua hii niipenyeze kwenye mfuko wa pembeni wa begi, uikute mkishapita Singida, mbali, usiweze kurudi kunigombeza, ulie huko na mimi nilie huku, na ukipiga simu nisipokee. Nilishaukata na uzi wa kuifungia. Sasa nimefika mwisho naona nilikuwa napanga tena kukaa katikati na kukuacha nyuma.

Basi nitakupa mkononi ukiingia tu. Baba yako nitamwomba akae nje na redio yake. Utaisoma hapa mezani, na mimi nitakaa mbele yako mpaka umalize. Kisha sema. Ukitaka kupaza sauti, paza, majirani wamezoea yangu. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, mwalimu atakuja na gari la kukupeleka stendi saa kumi na moja alfajiri, mlango nitaufungua mwenyewe. Usiangalie kwamba mimi ni mama, wala usiangalie nikilia, mimi hulia upesi na unanijua.

Usinihurumie.

Mama yako